Mwanafunzi wa Kumi na Mbili

Tirza, Nebraska
20 Aprili 1874

Dada yangu Philura,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbele la shule yangu, na kabla hujaanza kunitania, ndiyo, nimesema yangu, najua ni ya Bwana. Huku tu wazima. Natumaini theluji imeyeyuka kwenu na mgongo wako umepata nafuu.

Kengele imefika! Ilikuja kwa treni mpaka kituoni, halafu siku mbili kwa gari la ng'ombe. Sisi sote wa Tirza bado tunakaa kwenye nyumba za mapande ya udongo. Mvua ikinyesha leo nje, ndani inanyesha mpaka keshokutwa. Lakini shule ni ya mbao, imepakwa rangi nyeupe, na ina madirisha manne ya vioo. Jirani yangu Mnorwei, Mama Kjersti Aamodt, aliponiona juu ya paa nafunga kengele alinipigia kelele kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: "Mwalimu! Shule ina paa, wewe huna! Utafia ndani ya matope ukisikiliza kengele!" Nikamjibu kwamba kuna vifo vibaya zaidi ya hicho.

Wanafunzi wametimia kumi na wawili. Unaijua sheria ya Kamati kule Boston: wakipungua kumi na wawili, hawaitambui Akademia, hawaleti mwalimu wa pili wala vitabu, na kiwanja kinarudi kwa waliokitoa. Watoto wa huku wangebaki kuchunga ng'ombe bila kujua kusoma hata jina la Mwokozi wao. Basi wa kumi na mbili ni Lovisa wetu. Hajambo, anasoma Agano Jipya bila kukwama, na kugawanya ameanza.

Naambatisha karatasi za miguu kama ulivyoagiza. Kila mtoto alisimama juu ya karatasi, nami nikazungusha penseli; nakala nimebaki nazo, hizi zisije zikapotea njiani. Ule wa Lovisa utaujua mwenyewe.

Mdogo wako,
Alvah Thrall

*

Harrow Hill, Vermont
16 Mei 1874

Alvah,

Mgongo wangu achana nao, ni mzee na una haki ya kulalamika. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kengele imepewa robo ukurasa, mtoto amepewa mstari mmoja. Nimepima kwa rula.

Karatasi nimezipata. Tangu marehemu mume wangu Jotham aniachie nyundo na kalibu zake, nimeshonea viatu nusu ya kijiji hiki, lakini sikuwahi kushonea watu nisiowajua sura. Inafurahisha. Huyo Gudrun Aamodt ana mguu wa kulimia, Mungu ambariki. Na wa Lovisa, kweli, ningeujua hata gizani. Mstari umetetemeka kuanzia kisigino mpaka kidole gumba. Anatekenyeka yule! Kumpima mguu hapa kwangu ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja azungushe penseli, mwingine amshike, na wote tunaishia kucheka chini sakafuni.

Pipa litaondoka wiki ijayo na jozi kumi na mbili.

Sasa nisikilize. Mama yake alikufa akimzaa, na wewe ukanikabidhi mtoto hata hajakaushwa vizuri. Nikamlea miaka saba. Mwaka jana ulisimama jikoni kwangu na kofia mkononi ukasema unamtaka kwa mwaka mmoja tu, ili shule ianze. Mwaka mmoja, Alvah. Kifua chake unakijua, kila baridi kinampiga hata humu kwenye nyumba ya mawe na majiko mawili. Ikifika Oktoba namtaka mtoto wangu. Ndiyo, nimesema wangu, najua ni wa Bwana.

Dada yako,
Philura Wadhams

*

Tirza
10 Agosti 1874

Dada Philura,

Viatu vilifika, watoto walivivaa kanisani, na wengine wawili walivivua kwa sababu hawakuwahi kuvaa. Lovisa analala navyo. Nilitaka kuandika barua nzima juu ya viatu, lakini sina nguvu hiyo.

Jumapili ya tarehe mbili, mchana, tukitoka ibadani, tuliona wingu upande wa magharibi. Tulikuwa tumeomba mvua wiki sita. Nikawaambia watu wapige magoti washukuru, na tulikuwa bado tuko chini tunashukuru nzige walipoanza kutuangukia mgongoni. Wamekula mahindi yote. Vitunguu wamevila mpaka mashimo yalibaki ardhini. Wamekula mapazia ya shule, wametafuna mpini wa jembe langu pale palipoingia jasho la mikono. Treni ilisimama kwa sababu reli iliteleza kwa mafuta ya nzige waliopondwa.

Familia ya Prudden imeondoka na watoto wawili. Walikuja na mimi kutoka Vermont, Dada, waliapa pamoja nami kuijenga shule hii, na wamepita mbele ya mlango wake bila kugeuza shingo. Siku ya pili yake nilitembea maili tisa mpaka kwa Wabohemia, wahamiaji kutoka Ulaya, nikawaomba watoto wao wawili. Wamekubali. Tumerudi kumi na wawili.

Mkaguzi wa Kamati atakuja Machi. Nipe baridi hii moja. Akishaandika jina la Akademia kwenye kitabu chake, mimi mwenyewe nitamleta Lovisa mlangoni pako. Akiondoka sasa, kila kitu kinaanguka, na hawa watoto walioanza kujua A na B wataachwa hapo hapo. Naomba kwa magoti, na magoti yangu yamezoea.

Alvah

*

Harrow Hill
31 Agosti 1874

Alvah,

Hapana.

Poleni kwa nzige. Wanawake wa chama chetu cha ushonaji wamechanga unga wa mahindi, maharage na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na sukari ya utomvu kutoka kwenye miti yangu mwenyewe. Vyote vinakuja. Lakini jibu ni hapana.

Humu ndani ya bahasha kuna tiketi ya treni. Mke wa shemasi Orcutt yuko Omaha kwa binti yake, anarudi tarehe 14 Oktoba. Atampokea Lovisa stesheni na kulala naye kitanda kimoja mpaka Vermont. Kazi yako ni moja tu, kumpandisha. Hata mtu asiyejua kugawanya anaweza.

Unaniambia shule itaanguka. Shule gani hiyo inayosimama kwa mapafu ya mtoto wa miaka minane? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mdogo wangu. Nimekubeba mgongoni mimi.

Philura

*

Tirza
19 Oktoba 1874

Dada,

Nilimpeleka. Naomba hilo ulijue kwanza.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempata mtoto wa kumi na tatu, wa Bwana Hruska, fundi wa visima. Nikasema moyoni, basi Mungu ameniruhusu, dada yangu apate haki yake. Nikampakia Lovisa kwenye gari la ng'ombe na sanduku lake, siku mbili mpaka kituoni. Njiani aliimba. Alikuwa amevaa kofia uliyomshonea na tiketi ameishika mwenyewe, hakutaka niishike.

Kituoni nikamkuta Hruska. Yeye, mkewe, mtoto, na kuku wawili kwenye kapu. "Mwalimu, sisi basi. Tunarudi Chicago," akaniambia. "Baridi hii tutakula nini, vitabu?"

Tukawa kumi na wawili tena, pamoja na Lovisa. Treni ilikaa dakika kumi na tano. Sijui nikueleze nini juu ya dakika hizo. Nilifikiria wale kumi na mmoja. Nilifikiria yule Gudrun, ambaye mwaka jana alishika kitabu juu chini, na sasa anawasomea wazazi wake Injili. Treni ikaondoka.

Lovisa hakulia. Aliniuliza tu kama mke wa shemasi atakasirika.

Usinichukie. Ni miezi mitano tu.

Alvah

*

Harrow Hill
7 Novemba 1874

Mke wa shemasi alisubiri treni mbili.

Nimetuma jozi tatu za soksi za sufu, flana ya kifuani, na kopo la mafuta ya bata bukini. Msugue kifua na mgongo kila jioni, wewe mwenyewe kwa mikono yako, usimwachie mtu. Mlaze karibu na jiko. Akianza kukohoa kikohozi kikavu asiende darasani hata kama Boston nzima imekuja kukagua. Asitoke na nywele mbichi.

Mengine nitakuambia nikikuona.

Philura

*

Tirza
18 Machi 1875

Dada Philura,

Baridi imepita. Ilikuwa kali. Dondakoo liliingia kwa majirani, na Aamodt wamempoteza mtoto wao wa kiume. Vifurushi vyote vilifika, tunawashukuru wanawake wa chama.

Mkaguzi alikuja tarehe 2 Machi. Aliwasikiliza watoto wakisoma na akaridhika. Amewaandika kumi na wawili. Akademia ya Tirza imetambuliwa rasmi.

Lovisa anashukuru kwa soksi.

Karatasi za miguu ni hizi hapa, kumi na mbili. Zikikuwia nyingi, usijichoshe.

Alvah

*

Harrow Hill
12 Aprili 1875

Alvah,

Nani amekuandikia barua hii, karani wa mahakama? Umepata ulichokililia miaka mitatu, na unanitangazia kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Nilitegemea kurasa nane na kengele ikilia katika kila moja. Au ndiyo unaniogopa? Niogope, ni vizuri, lakini uandike.

Na Machi imeshapita. Hukusema neno juu ya kumleta.

Jana nilizipanga karatasi mezani, za mwaka jana juu, za mwaka huu chini. Kazi ya viatu ndivyo inavyoanza, unaangalia kwanza mguu umekwenda wapi. Wa Gudrun umekua kama unafukuzwa na mbwa. Wale wadogo wote wameongezeka upana wa kidole. Nikafika kwa Lovisa. Mguu wake haujakua hata upana wa uzi. Nikacheka peke yangu: mvivu huyu, kainakili karatasi ya mwaka jana ili asihangaike kumshika mtoto!

Halafu nikaacha kucheka, sijui kwa nini. Mstari umenyooka, Alvah. Hautetemeki popote. Nimeuzungusha kwa kidole changu kutoka kisigino mpaka dole gumba, laini kabisa. Nani alimshika mtoto asicheke?

Labda amekua, hatekenyeki tena. Watoto hubadilika, na mimi ni mwanamke mzee mwenye mashaka. Lakini nataka mistari mitatu kwa mkono wake mwenyewe. Aniambie ana meno mangapi yaliyong'oka. Viatu vyake nitavishona vikubwa zaidi ya karatasi yako, vya kukulia miaka mitatu, kwa sababu karatasi yako siiamini.

Philura

*

Tirza
6 Mei 1875

Dada mpendwa,

Ni kweli, nilinakili. Nilikuwa na shughuli nyingi za ukaguzi. Nisamehe.

Lovisa aliungua kidogo mkono wa kulia kwenye jiko, si jambo la kutisha, akipona ataandika. Amekuwa mtulivu sana siku hizi. Juu ya safari tutazungumza mavuno yakishaingia, kama nzige hawataanguliwa.

Tafadhali usijisumbue na viatu vyake. Vile vya mwaka jana bado vizima.

Alvah

*

Tirza
27 Juni 1875

Kwa Bibi Philura Wadhams,

Mimi ni Gudrun Aamodt, nina miaka kumi na moja. Mama anasema kwa Kinorwei na mimi naandika kwa Kiingereza, kwa sababu yeye hajui kuandika na mimi nilikuwa sijui hata herufi moja mpaka Mwalimu Thrall alipofungua shule. Mwalimu hajui kama tunakuandikia. Barua ataipeleka baba akienda kituoni.

Pipa limefika na viatu vyote vizuri. Mama anasema mtu akivaa kazi ya mikono ya mtu lazima amshukuru. Mimi nimepata jozi mbili. Moja ni ile yenye jina langu, na mdogo wangu ataivaa, maana imenibana kidogo. Ya pili ndani imeandikwa LOVISA. Mwalimu alikaa nayo mapajani tangu tulipomaliza hesabu mpaka mama alipokuja kunitafuta. Halafu akanipa, akasema hivi ni vikubwa, vitakutosha. Mama kwanza alikataa kwa sababu kwetu vitu vya marehemu havivaliwi kabla ya mwaka kuisha. Baadaye akasema marehemu hakuwahi kuvivaa hivi, basi si vyake.

Mama anasema pole sana kwa Lovisa, na tunaomba utusamehe kwa kuchelewa kutoa pole tangu Januari. Mama ndiye aliyemwosha. Kaka yangu Torvald alikufa Jumanne na Lovisa alikufa Ijumaa, na wamelala karibu karibu, kwa hiyo mama huwapalilia wote wawili.

Lovisa alikuwa akinisaidia maneno magumu.

Samahani kama nimekosea mahali.

Gudrun Aamodt

*

Harrow Hill
14 Julai 1875

Alvah,

Mtoto yuko wapi?

Nina barua ya Gudrun mkononi. Nataka kulisikia kwako.

Philura

*

Tirza
2 Agosti 1875

Dada,

Lovisa alikufa Ijumaa, tarehe 8 Januari, asubuhi.

Nimeanza barua hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Januari nilianza. Nikaandika "Dada mpendwa" na sikuweza kwenda mbele. Nikasema, wacha kwanza mkaguzi apite. Alipopita nikaona nimeshachelewa, na uongo ukishaukalia siku hamsini unaogopa kuinuka.

Torvald Aamodt alikuja darasani Jumatatu kabla ya mwaka mpya akiwa na koo linauma. Nilimwona. Alikuwa ameshika shingo. Nilipaswa kumrudisha nyumbani, lakini siku ile walikuja saba tu kwa sababu ya theluji, na nilikuwa naogopa daftari la mahudhurio. Nikamketisha karibu na jiko. Karibu na jiko ndipo alipokaa Lovisa, kwa sababu wewe uliniagiza nimweke karibu na jiko.

Nilimsugua mafuta yako. Mikono yangu mwenyewe, kila jioni, hilo nililifanya.

Ijumaa asubuhi alipumua vizuri kidogo. Mama Aamodt alikuwa ametoka kumzika wake jana yake, akaja kukaa naye, akaniambia, "Nenda, Mwalimu, nenda kapige kengele, huyu amelala." Nilikwenda. Walikuja watano. Nilikuwa nimegeukia ubao, nafundisha kugawanya, nikasikia mlango umefunguka na baridi imeingia, nikajua ni Mama Aamodt. Nilimaliza hesabu niliyokuwa naiandika, Philura. Tarakimu mbili zilikuwa zimebaki, nikaziandika, ndipo nikageuka.

Tirza haina mti hata mmoja. Mbao zote ziko kwenye shule. Nilivunja benchi la mbele nikampigilia sanduku.

Mkaguzi alipokuja alihesabu kumi na mmoja, pamoja na mdogo wa Gudrun aliyeshika nafasi ya Torvald, akauliza wa kumi na mbili yuko wapi. Nilimwambia amekwenda Vermont kumtembelea shangazi yake, atarudi kiangazi. Akaandika. Kwa hiyo kwa Kamati yuko kwako, na kwako yuko kwangu, na mimi kila siku nilipita kwenye nyasi pale alipo. Ile karatasi niliinakili kwenye kioo cha dirisha la shule. Nilikuwa naona aibu kukutumia kumi na moja.

Nafunga shule. Kesho nitapigilia misumari mlangoni na kengele nitawapa Wabohemia wauze. Nilikuja huku nikidhani naleta nuru. Sioni kitu tena. Nikisali nasikia sauti yangu tu. Niruhusu nirudi Harrow Hill, nikae hata bandani kwako, nipasue kuni. Sina mahali pengine, na sina mtu mwingine.

Alvah

*

Harrow Hill
23 Agosti 1875

Alvah,

Nimesoma yote. Nimesoma nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti kilicho karibu na dirisha ni chake, na sikutaka kukikalia.

Sitakuambia kilichonipata. Hukuniambia cha kwako kwa miezi saba, basi na mimi cha kwangu nakizika. Kuna kitu kimoja tu nitakisema halafu tumemaliza. Mimi nilishona viatu mwezi wa Mei. Mwezi wa Mei, Alvah, nilikaa nikipiga nyundo viatu vya mtoto aliyekuwa chini ya ardhi tangu Januari. Nilikuwa naimba nikifanya kazi hiyo. Ulijua kwamba ningefanya hivyo, ukaniachia.

Hutarudi hapa. Sitaki kukuona bandani kwangu, wala kanisani, watu wakikupa mkono na kukuita mjane na mtumishi wa Mungu, wakikuletea mkate wa moto. Hapana.

Na shule hutaifunga.

Mimi siku zote nilikuambia shule yako ni upuuzi, unakumbuka. Nilikosea. Ile barua ya Gudrun haina kosa hata moja, si la neno wala la nukta. Nimeitafutia kosa siku nzima, kwa chuki, nikiomba nilipate, ili niweze kusema kwamba alikufa kwa ajili ya kitu cha bure. Sikulipata. Mtoto wa watu waliokuja bila lugha ameniandikia habari ya msiba kwa adabu kuliko mchungaji wetu. Hiyo ndiyo kazi yako. Umeifanya vizuri. Ningependa sana ungekuwa umeifanya vibaya.

Basi sikiliza. Waandikie Kamati ukweli wote, na jina lake uliandike. Wakikufuta, wakufute. Wakichukua kiwanja, utafundishia kwenye shimo lako la udongo. Ulimchukua kwangu kwa ajili ya shule, na mbele ya ile treni ulichagua shule. Sasa iwepo. Jumatatu ya kwanza ya Septemba utapiga kengele, na kila Jumatatu baada ya hiyo, mpaka ufe, hata akija Gudrun peke yake, hata asije mtu. Hutapewa kupumzika kwa kufunga mlango. Sitakubali upumzike.

Usiniandikie tena. Sitazifungua.

Philura Wadhams

*

Tirza
12 Septemba 1875

Dada,

Umenikataza, najua. Nimeandika hii moja tu, na nitakuwa mfupi.

Kamati nimewaandikia. Jumatatu nilipiga kengele. Walikuja watatu: Gudrun, mdogo wake, na binti mmoja wa Wabohemia. Tulianza pale tulipoachia. Sauti yangu ilinitoka vizuri, jambo lililonishangaza. Kesho nitapiga tena.

Siombi msamaha. Ninaomba kitu kingine, na hakuna mwingine duniani wa kumwomba.

Alhamisi ile, siku moja kabla, homa ikiwa imempanda, Lovisa aliniambia, "Baba, nisimulie ile ya mbuzi wa Bibi Tull." Sikuijua. Nikamsomea zaburi. Alisubiri mpaka nikamaliza, kwa heshima kabisa, halafu akasema, "Siyo hiyo. Ile ya mbuzi." Nikamwambia sijui, anisimulie yeye. Akajaribu. Koo halikumruhusu. Akasema, "Shangazi anaijua," akageukia ukutani.

Nimefundisha miaka kumi na minane. Nimewafundisha watu Kilatini. Mtoto wangu aliniomba hadithi moja, sikuwa nayo.

Niandikie hiyo hadithi. Usiniandikie mimi, wala usitie jina langu, andika hadithi tu, hata kama ni fupi, hata kama ni ya kijinga. Nataka kwenda kumsimulia. Nikiwa napita pale kila asubuhi kwenda kupiga kengele sina la kumwambia, na siwezi kuendelea kupita kimya. Kama nzima ni nyingi kwako, niandikie mwanzo wake tu. Yule mbuzi alifanya nini?

Alvah

[Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa mkuu wa posta wa Harrow Hill:]

Mpokeaji amekataa kuipokea. Haikufunguliwa. Irudishwe kwa mtumaji, Tirza, Nebraska. 4 Oktoba 1875.